Kidole cha Mama Kikombe

Kila asubuhi, kabla hajamgusa mtoto wa mtu, muuguzi wa kliniki ya watoto huchemsha chai, akaimimina kwenye kikombe cha bati chenye ua lililofutika, akakishika kwa viganja viwili na kukaa nacho kimya kando ya dirisha. Hainywi. Chai ile hupoa mikononi mwake mpaka ikaota utando juu, naye huimwaga kwenye sinki na kusema, "Haya, twende." Mgeni akiona hudhani ni mtu wa kuchezea sukari ya watu. Wenyeji wanajua kwamba anapasha mikono moto. Watoto wa kliniki ile ni wa seli mundu, ugonjwa wa kuzaliwa nao, ambao chembe za damu hujipinda kama mundu zikakwama njiani, na hakuna kinachouchokoza ugonjwa huo kama baridi. Mkono wa baridi juu ya goti linalouma ni chumvi kwenye kidonda.

Ndiyo maana wakamwita Mama Kikombe. Jina lake lenyewe limeandikwa kwenye beji, lakini ukimwita kwa hilo utasubiri mpaka uchoke.

Kliniki ilikuwa chumba kirefu chenye twiga waliochorwa ukutani, shingo zao zikipanda mpaka zinagusana na feni. Aliyewachora alikuwa na haraka, kwa sababu twiga mmoja ana miguu mitatu, na kila mtoto mpya lazima aulize ule wa nne uko wapi. Mama Kikombe kila mara alikuwa na jibu lake. Leo utasikia umeenda kuchota maji, kesho utasikia unaumwa, umelazwa. Watoto walicheka, na wakicheka mabega yanalegea, na mabega yakilegea sindano inaingia bila vita.

Lakini kilichomfanya asisahaulike ni kidole.

Alikianza zamani, akiwa bado mgeni kwenye kazi. Aliletewa mtoto asiyejua kusema, analia mpaka sauti imekauka, na daktari anataka kujua maumivu yamefika wapi ili ajue dawa ipi ampe. Utamuulizaje mtoto anayejua maneno mawili tu, mama na maji? Akampa kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, akamwambia, "Nibane. Kadiri kinavyokuuma, ndivyo unibane." Mtoto akabana. Mama Kikombe akageuka kwa daktari, akasema, "Ni makali." Mtoto akapewa dawa, akalala.

Tangu siku ile kidole kikawa kipimo. Wakubwa na wadogo walikibana. Wengine walikibana kwa mzaha, naye aliwajua, akawaambia, "Wewe leo unaumwa na uvivu, nenda shule." Kwa miaka yote hiyo kidole kilipinda kidogo kwenye kifundo, kikawa kama kinanong'ona na kile cha jirani. Mwanawe wa pekee, binti, alipokuwa anakua hapo nyumbani, alikuwa akimtania: "Mama, wanao wa kazini watakung'oa hicho kidole, halafu mimi nije nishike nini?"

Binti huyo sasa ameolewa mbali. Hupiga simu kila Jumapili, na kila Jumapili husema, "Mimi mzima mama, usiwe na wasiwasi." Mama Kikombe huitikia, "Haya mwanangu," kisha hukaa na simu iliyokatwa sikioni, akisikiliza kimya chake. Mzima kiasi gani? Kwenye simu hakuna kidole.

Basi katika watoto wa pale kulikuwa na msichana mmoja waliyemwita Kasuku. Hilo lilikuwa jina la kejeli, maana hasemi. Aliletwa na shangazi yake akiwa wa kubebwa, na huyo shangazi ndiye aliyemlea, na huyo shangazi alikuwa na mdomo wa kuwatosha wawili na wa akiba ukabaki. Kasuku akiulizwa umekula, shangazi anajibu. Akiulizwa umelalaje, shangazi anasimulia usiku mzima, na jinsi paka wa jirani alivyolia, na alichosema jirani alipoambiwa kuhusu paka. Kasuku mwenyewe anatazama tu twiga. Ikifika zamu ya maumivu, Mama Kikombe anamnyoshea kidole, Kasuku anabana, mambo yamekwisha. Katika maisha yake yote hospitalini hakuwahi kuhitaji neno.

Akakua. Miguu ikawa inatokeza nje ya kitanda, maana vitanda vya pale ni vya watoto. Akawa anajifunza ushonaji kwa fundi wa mtaani kwao, na mikono yake ikawa na ile alama ya chaki ya kitambaa isiyotoka. Siku moja kitoto kipya kilimsogelea kwenye benchi kikamuuliza, "Samahani, wewe ni mama wa nani?"

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu. Kasuku hakucheka.

Sheria ya pale ni kwamba mtoto akishakuwa mtu mzima anahamishiwa upande wa pili, kliniki ya wakubwa. Sio mbali. Ni kuvuka uwanja wenye nyasi na kupita geti dogo la chuma. Mama Kikombe alikuwa na desturi ya kumsindikiza kila anayehama mpaka getini. Hapo alikuwepo mlinzi, mtu wa maneno, ambaye aliliita geti lile mpaka wa nchi.

"Pasi yako iko wapi?" angemuuliza anayehama.

"Sina."

"Basi piga saluti upite."

Mtoto anapiga saluti, anapita. Anageuka kupunga mkono. Mama Kikombe naye anapunga, kisha anarudi kwa twiga wake. Wengine walikuwa wakija kumsalimia mwanzoni, mara mbili tatu, halafu basi. Hakuwalaumu. Alisema mwenyewe kwamba anayekuja kila siku hospitali kusalimia ana matatizo mengine. Lakini ukimtazama vizuri, siku anayohama mtu, chai yake ilikuwa inapoa zaidi ya siku nyingine, na alikuwa anasahau kuimwaga.

Siku ya kuhama Kasuku kulikuwa na mtoto mchanga amezidiwa, hivyo Mama Kikombe alimfikisha getini mbio mbio, akamwambia, "Nenda mama, daktari wa kule ni mtu mzuri," akarudi anakimbia viatu mkononi. Hata saluti hakuiona.

Yaliyotokea upande wa pili aliyasikia baadaye kwa shangazi.

Kule waliambiwa ndugu wasubiri nje, mgonjwa anaingia mwenyewe. Shangazi akabaki kwenye benchi na mdomo wake wote. Siku hiyo Kasuku alikuwa na maumivu ya paja yaliyoanza alfajiri. Daktari, kijana mwenye miwani aliyoipandisha kwenye paji la uso, akamuuliza bila kuinua macho, "Unaumwa kiasi gani?"

Kasuku akafanya alichofundishwa maisha yake yote. Alinyosha mkono juu ya meza, akakikamata kidole cha daktari, akakibana kwa nguvu zake zote.

Daktari aliruka na kiti chake. "Dada! Dada, vipi tena? Niachie!"

Muuguzi aliyekuwa mlangoni akaangua kicheko. Hakuwa na nia mbaya, kilimtoka tu. Kasuku akaachia. Akasimama, akapita mbele ya shangazi yake kama hamjui, akaenda nyumbani kwa miguu na paja lake linalowaka.

"Akajifungia," shangazi alisema. "Namgongea mlango, namwambia tukanywe dawa, hajibu. Kwa shida nikasukuma mlango, namkuta kaifunga miguu na kanga, kauma mto. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, Mama Kikombe!" Halafu akajipiga kibao mdomoni. "Toba! Naongea maneno gani wodini!"

Alikuwa amemleta mgongoni kama zamani, sema zamani miguu haikuburuta chini. Kasuku alilazwa kwenye kitanda kifupi, magoti juu. Mama Kikombe akampa kidole, akabanwa mpaka machozi yakamtoka yeye mwenyewe.

Daktari mkuu wa watoto, mama mwenye mvi asiyependa kelele, alimtibu, akamwita Mama Kikombe pembeni.

"Leo nimempokea kwa sababu sikuwa na la kufanya," alisema. "Lakini mwili ule ni wa mtu mzima, ndugu yangu. Nikikadiria vibaya namuumiza. Na kule wana vifaa ambavyo mimi sina. Akizidiwa tena akaja huku badala ya kwenda kule, tutampoteza. Unanielewa?"

"Nakuelewa."

"Basi msaidie avuke. Anakusikia wewe."

Mama Kikombe alirudi akakaa kando ya kitanda, akakitazama kidole chake. Kilikuwa kimevimba. Alikuwa akijivunia kidole kile. Akiwa na wenzake wa kazi alikuwa akikiita mali ya umma. Sasa alikiona kwa jicho jingine. Watoto wangapi aliwavusha geti lile, akiwa amewapa njia ya kusema ambayo haitumiki popote isipokuwa mkononi mwake? Wengi walikuwa na midomo yao, walijitafutia. Huyu hakuwa nayo, na Mama Kikombe mwenyewe pamoja na shangazi ndio walioifunga, mmoja kwa kusema sana na mwingine kwa kuelewa mno.

Kasuku alipopata nafuu, masomo yakaanza. Alikuwa akija kliniki asubuhi kabla ya kwenda kwa fundi, na Mama Kikombe anamkalisha kwenye kiti cha mzazi, si kile kidogo cha watoto.

"Unaumwa kiasi gani?" Mama Kikombe anauliza kwa sauti nzito, amejifanya daktari.

Kasuku ananyosha mkono.

Mama Kikombe anaficha mikono nyuma. "Hakuna kidole. Kimefungwa, kipo likizo. Sema."

Kasuku anatazama twiga.

"Sema: maumivu ni makali, yameanzia pajani, yanapanda kiunoni."

"Maumivu ni makali, yameanzia pajani, yanapanda kiunoni."

"Na leo yako wapi?"

"Maumivu ni makali, yameanzia pajani, yanapanda kiunoni."

"Mama, si leo umenionyesha ni mkono?"

Shangazi, aliyekuwa mlangoni, alishindwa kujizuia. "Sasa ndiyo umekuwa kasuku kweli!"

"Shangazi," Mama Kikombe akamwambia, "nenda ukamwangalie twiga. Mguu wake umerudi."

Walibaki wawili. Kasuku akainamia mikono yake, anafuta chaki isiyofutika. Halafu akasema kwa sauti ya chini, na ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizowahi kumwambia, "Maneno hayo ni yako, sio yangu. Mimi siumwi hivyo."

"Unaumwaje?"

Aliinua mabega. Mkono wake ukatambaa juu ya goti kuelekea pale kidole kilipozoea kuwa.

Mama Kikombe alitaka kumpa. Wallahi alitaka. Kilichomuuma ni kwamba yeye pia alikuwa anahitaji kubanwa kule. Kulikuwa kama kuitwa jina. Akainuka akasema anakwenda kutazama maji jikoni, na jikoni hakukuwa na maji yoyote ya kutazama.

Siku ya kurudi kliniki ya wakubwa mvua ilikuwa imenyesha, na ubaridi umeshika kuta. Mama Kikombe aliomba ruhusa. Aliushika sana mkono wa Kasuku wakati wa kuvuka uwanja, kisha akakumbuka, akauachia. Walipofika getini, mlinzi alikuwa amejifunika koti mpaka masikio.

"Pasi," alisema.

"Leo tuko wawili," Mama Kikombe akajibu.

"Na wewe unahama? Umeshakuwa mtu mzima?"

"Bado. Namsindikiza."

"Basi mmoja saluti, mmoja atanilipa kwa maneno mazuri." Kasuku akampigia saluti bila kutabasamu. Mlinzi akamfungulia, akamnong'oneza Mama Kikombe, "Mbona anachechemea?"

"Kiuno. Kimeanza tangu alfajiri."

"Eh, Mungu wangu."

Ndani, benchi lilikuwa refu, shangazi ametangulia kuwashikia nafasi, na watu wote wanatazama viatu vyao. Hakuna twiga. Ukuta ulikuwa wa rangi ya maziwa yaliyokaa sana. Kasuku alikaa upande upande ili kiuno kisiguse mbao. Mama Kikombe akavua sweta lake, akamfunika miguu. Walipoitwa, shangazi alinyanyuka nusu, akakumbuka, akakaa tena. Alikuwa amejiziba mdomo kwa kiganja chake, na ilikuwa inamgharimu.

Mama Kikombe aliruhusiwa kuingia kwa sababu ya sare yake. Daktari wa miwani alimwona Kasuku, akaiteremsha miwani puani.

"Wewe ndiye uliyeniminya kidole."

Kasuku akainama.

"Kimepona?" Mama Kikombe akauliza.

"Nakitumia bado," daktari akasema, na akatabasamu kidogo. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wagonjwa wengi. "Haya dada, karibu ukae. Unaumwa wapi leo?"

"Kiunoni," alisema Mama Kikombe.

Daktari akamtazama. "Nimemuuliza yeye, mama."

"Samahani."

"Yameanza lini?"

"Alfa..." Mama Kikombe akauma ulimi.

Nje mtu alikohoa. Daktari aliweka kalamu chini na kusubiri, na kusubiri kwake kulikuwa kwa kweli, lakini macho ya Kasuku hayakuwa kwake. Yalikuwa kwa Mama Kikombe, kama siku zote, yale macho ya mtoto aliyefunikwa blanketi anayejua kwamba mtu mzima ataeleza. Na chini ya meza mkono wake ulianza safari. Mama Kikombe aliuhisi ukigusa sketi yake, ukapanda, ukafika, ukakipata kidole.

Haukubana kwa mzaha. Ulimwambia kila kitu. Ulimwambia ni kiuno, ni makali, yanakuja kwa mikupuo, na kwamba mtoto huyu anaogopa. Mama Kikombe aliyasikia yote kama mtu anayesoma barua ya mwanawe, na neno moja tu kutoka kwake lingetosha. Daktari angeandika, dawa ingetoka, wangeondoka wote watatu, shangazi akiwemo, kwa amani. Na mara nyingine Kasuku angekuja peke yake, au asije kabisa.

Akakichomoa kidole. Ilibidi avikunjue vidole vya msichana, kimoja kimoja, kama mtu anavyomtoa mtoto aliyelala kwenye nguo yake.

"Nakuja," alisema.

Ndivyo watu husema wanapoondoka. Akasimama. Sweta lake alilichukua kutoka magotini kwa Kasuku, akaonekana kama atalivaa, halafu akalitundika kwenye mgongo wa kiti alichokuwa amekalia yeye. Kasuku aliliona. Mtu aliyeacha sweta si atarudi? Uso wake ukatulia kidogo. Mama Kikombe akageuka haraka kabla uso wake yeye haujasema lolote, akatoka, akavuta mlango.

Alisimama hapo nje, mgongo ukutani. Shangazi alimtazama kwa macho makubwa. "Umemwacha?"

"Shh."

Ndani kimya. Kimya kikawa kirefu mpaka shangazi akaanza kutikisa mguu. Sauti ya daktari ikasikika, ya upole, haikueleweka. Kiti kikalia.

Halafu ikaja sauti nyembamba, isiyozoea kutumika, inajikwaa.

"Daktari, unaijua cherehani?"

"Naijua."

"Sasa... toa uzi. Uache sindano peke yake. Halafu uikanyage iende kasi." Sauti ikakatika, ikapumua, ikaendelea. "Inapita kwenye mfupa hapa. Inatoboa, inatoboa, haishoni kitu."

Shangazi aliachia mdomo wake. Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, haukuwa na la kusema.

Kalamu ikasikika ikiandika. "Na inasimama?" daktari akauliza. "Au inakwenda tu?"

"Inasimama kidogo, kama fundi anageuza kitambaa. Halafu inarudi."

Miaka yote alikibana kile kidole, na Mama Kikombe alidhani anajua. Alijua kiasi. Hili la sindano bila uzi hakuwahi kulijua. Alitaka kusukuma mlango, aingie akae kwenye kiti chake, asikie mengine yote. Alitaka amuulize na ya utotoni, ya siku zile zote, yalikuwa kama nini? Mkono wake ulikuwa umefika kwenye kitasa.

Akaushusha.

"Kaa hapa umsubiri," akamwambia shangazi. "Akitoka usimuulize kitu. Mwache akusimulie yeye."

"Nitaweza?"

"Kaza meno."

Alipita kwenye lile benchi refu, akatoka uwanjani. Nyasi zilikuwa na maji, upepo unapita kwenye mikono yake mitupu. Mlinzi alimfungulia geti, akamkagua juu mpaka chini.

"Mama Kikombe, baridi yote hii! Sweta liko wapi?"

"Nimeliacha kwenye kiti."

"Si urudi ukalichukue? Hapo tu. Nakuachia geti wazi."

Aligeuka akautazama ule mlango wa upande wa pili. Hakuna aliyetokea kupunga mkono. Akaweka mikono mfukoni, yote miwili ikiwa ya baridi, akapita.

"Funga tu," alisema.